Sweta ya Tatu

Malan alirudi kutoka kiwanda cha samaki saa tisa na nusu alasiri. Kwenye nchi hiyo ya baridi ya kaskazini, mwanga wa Januari ulikuwa umeshaanza kuondoka. Alivua buti mlangoni, akasimama kidogo akiwa ameegemea ukuta. Vidole vyake vilikuwa vyekundu. Tangu saa moja asubuhi alikuwa amesimama mahali pamoja, akikata minofu ya samaki juu ya maji ya barafu.

"Viazi vimeiva?" aliuliza.

"Viazi gani?" Niklas, mumewe, alijibu kutoka kwenye kochi. "Nilidhani wewe ndiye utakayeweka."

Malan alichukua sufuria. Aliweka viazi jikoni. Alikata vipande vya nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo. Alifua taulo za mama mkwe wake, Mama Billa. Alizoa majivu, akaingiza kuni. Baada ya kula aliosha vyombo. Kisha, wakati mumewe na mama mkwe walipokuwa wakipiga miayo na kwenda kulala, Malan alikaa kwenye kiti chini ya taa, akachukua sindano zake, akaanza kufuma.

Hivyo ndivyo siku zake zote zilivyokwenda tangu mwezi wa kumi.

Mwezi huo Niklas alirudi kutoka baharini akiwa amebebwa. Alikuwa akivua samaki kaskazini ya mbali, kwenye baridi kali. Ndani ya koti la mvua alivaa sweta ya dukani. Ilikuwa nzuri kwa macho, lakini ilinyonya maji kama sponji. Siku tatu alifanya kazi akiwa amelowa mgongo na kifua. Akashikwa na nimonia, akalala hospitali wiki tatu.

Daktari alimwambia hivi: "Kifua chako sasa ni dhaifu. Ukirudi baharini, usikubali kulowa tena."

Miaka yote Niklas alivaa sweta alizofumiwa na mama yake, kwa sufu nzito ya kondoo wa nyumbani. Lakini ile ya mwisho ilikuwa imechakaa hadi ikatoboka, na mikono ya Mama Billa ilikuwa imekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Hakuweza tena kushika sindano. Kazi ikawa ya Malan.

"Anza na vitanzi vya uzi mia mbili na thelathini kwenye sindano," Mama Billa alimwambia. "Mimi miaka arobaini naanza na mia mbili na thelathini."

Sweta ya kwanza Malan aliifuma wakati Niklas yupo hospitali. Ilipokwisha, haikupita mabegani. Niklas alikwama ndani yake, mikono juu, kichwa hakionekani, mpaka wakamvua kwa kuvutana.

"Hii ni ya mwana-kondoo," alisema Mama Billa.

Malan aliitia sweta hiyo kwenye mfuko, akaanza nyingine. Sasa, Jumamosi ya mwisho ya Januari, ya pili ilikuwa tayari. Niklas aliivaa. Ilimning'inia hadi mapajani, na pembeni ilibaki nafasi ya mtu mwingine.

"Ingia na wewe, mke wangu," alisema Niklas akicheka. "Tutaenda wote baharini!"

Malan hakucheka.

"Ulianza na vitanzi vingapi?" aliuliza Mama Billa.

"Mia mbili na thelathini, Mama. Kama ulivyosema."

"Haiwezekani."

"Hesabu mwenyewe basi!"

Malan aliingia chumba cha kufulia, akafunga mlango. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alikuwa amechoka mno asiweze hata kulia. Meli ya Niklas ilikuwa inaondoka baada ya wiki saba. Alijiona akianza tena, usiku baada ya usiku, halafu Niklas anavaa, halafu wote wanamtazama.

Kesho yake, Jumapili mchana, jirani yao Mzee Hanus aliwaletea samaki wakavu. Mzee huyu alikuwa baharia kwa miaka thelathini. Kufuma alifundishwa na baba yake, na hata melini alikuwa akifuma wakati wa zamu yake ya mapumziko. Vijana wa siku hizi walimtania, lakini soksi zake walizivaa.

Aliiona sweta kubwa juu ya kiti.

"Loo! Hii ni ya nani? Ya fahali?"

"Mzee Hanus, tafadhali," alisema Malan. "Leo sina nguvu za utani."

Mzee alimtazama usoni. Aliacha kutabasamu, akavuta kiti.

"Nisamehe, mwanangu. Hebu nieleze."

Malan alimweleza yote. Alileta na ile ndogo. Mzee Hanus alitandaza sweta zote mbili mezani, moja kando ya nyingine. Akatoa mfukoni futi ya fundi nguo, akaiweka juu ya ile ndogo.

"Hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita kumi," alisema.

Malan alihesabu kwa ncha ya sindano. "Ishirini na vinne."

"Sasa hii kubwa."

"Kumi na… kumi na saba." Alihesabu tena. "Kumi na saba tu. Lakini uzi ni ule ule, na sindano ni zile zile!"

"Na mikono je?"

"Mikono ni yangu."

"Ni yako, ndiyo. Hii ndogo uliifuma lini?"

"Niklas alipokuwa amelazwa."

"Ulikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu hukaza uzi bila kujua. Kila kitanzi kikawa kidogo. Vitanzi mia mbili na thelathini vikakupa sentimita tisini na sita. Na hii ya pili umeifuma saa ngapi?"

"Nikimaliza kazi zote. Wakati mwingine nafuma macho yamefumba."

"Ndiyo hivyo. Mkono uliochoka hulegea. Vitanzi vile vile vimekuwa vikubwa, na sweta imefika sentimita mia moja thelathini na tano. Hukukosea hesabu hata kidogo. Hesabu ilikuwa ya mikono ya Billa. Haikuwa ya mikono yako."

Mama Billa alikuwa karibu na jiko, akisikia yote. Malan alingoja maneno makali. Lakini mama mkwe alitazama vidole vyake vilivyopinda, akasema polepole:

"Mimi sikupima kitu. Mikono yangu ilijua tu. Haikuwahi kunieleza inajua nini. Ningekueleza wewe vipi?"

"Nilidhani unaniona mjinga, Mama."

"Nilikuwa naona wivu," alisema Mama Billa. "Unazo sindano, na mimi siwezi hata kufunga kifungo."

Malan alimsogezea kiti mezani. Kisha Mzee Hanus akagonga meza kwa kidole.

"Haya. Fumua hii kubwa. Uzi ukishafumuliwa una mawimbi, kwa hiyo uoshe kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni kali. Usitumie maji ya moto, sufu itajikunja na kugandamana. Tena maji ya moto na sabuni kali huondoa mafuta ya kondoo, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya bahari. Utundike ukauke na kunyooka."

"Halafu nianze sweta."

"Hapana! Halafu ufume kipande kidogo, kikubwa kidogo kuliko kiganja changu. Kioshe kama utakavyoosha sweta, kikaushe kikiwa kimelazwa juu ya taulo. Ndipo upime. Sufu ikioshwa hubadilika, usipime kabla. Kipande hicho kitakwambia vitanzi vyako wewe ni vingapi."

"Kwani nina muda wa kuchezea vipande, Mzee wangu? Zimebaki wiki saba."

"Umeshapoteza miezi mitatu kwa kukosa siku tatu za kupima," alisema Mzee Hanus. "Na kipande hicho usikifume usiku ukiwa umechoka. Kifume umepumzika, na sweta pia uifume umepumzika. Ukianza kupiga miayo, weka chini."

Malan alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Nipumzike saa ngapi? Nikitoka kiwandani kuna viazi, kuna kuni, kuna nguo, kuna vyombo."

Mzee Hanus aligeuka taratibu kumtazama Niklas, aliyekuwa kwenye kochi.

"Wewe, Niklas. Kule melini nani huwapikia?"

"Tunapokezana zamu."

"Na vyombo?"

"Zamu pia."

"Kwa hiyo unajua kumenya kiazi."

Niklas alikaa wima kwenye kochi. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Daktari alisema nisibebe vizito," alisema hatimaye.

"Kiazi kina uzito gani?" aliuliza mama yake mwenyewe.

Hapo hata Niklas alicheka. Lakini alipotazama mikono ya mkewe juu ya meza, na ngozi iliyopasuka kwa maji ya chumvi, aliacha.

"Sikuwa nikiona," alisema. "Nilikuwa nasikia sindano tu, nikalala."

Mzee Hanus aliinua sweta ndogo. "Na wewe, Malan, kiwandani unavaa nini ndani?"

"Blauzi mbili."

"Basi hii usiifumue. Kunja mikono yake, uivae."

Jumatatu Malan aliporudi, viazi vilikuwa mezani. Vilikuwa vimeiva kupita kiasi na kuvunjika. Alivila hivyo hivyo. Kisha alilala saa nzima, mchana, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya harusi yake. Alipoamka, kichwa kilikuwa chepesi kidogo.

Uzi wa sweta kubwa ulipofumuliwa, kuoshwa na kukauka, alifuma kipande chake. Akakiosha, akakikausha, akakipima. Vitanzi ishirini kwa sentimita kumi. Niklas alitafuta ile sweta kuukuu iliyokuwa ikimtosha vizuri, wakaitandaza na kuipima kuzunguka kifua: sentimita mia moja na kumi. Mama Billa alipiga hesabu kwa sauti. Kila sentimita kumi vitanzi ishirini, na sentimita kumi zimo mara kumi na moja.

"Mia mbili na ishirini," alisema. "Vitanzi kumi tu pungufu ya vyangu! Na mimi nilikuwa nikisema haiwezekani."

Hivyo kazi ilianza. Malan alifuma saa moja kila siku baada ya kulala, na Jumapili saa tatu au nne. Kila alipomaliza mizunguko kumi, Mama Billa aliweka futi na kuhesabu vitanzi. Vikiwa ishirini, aliitikia kwa kichwa.

Haikuwa rahisi. Katikati ya Februari meli mbili zilishusha samaki siku moja, na Malan alibaki kiwandani hadi jioni. Miguu ilimwaka moto. Hata hivyo alichukua sindano, kwa sababu aliona siku zinakwisha. Mama Billa alipopima, vitanzi vilikuwa kumi na nane.

"Fumua mizunguko minane," alisema kwa upole.

Malan alishika uzi, lakini mkono ulikataa kuuvuta. Macho yalimjaa machozi. Niklas alikuja, akazitoa sindano mikononi mwake, akaifumua mizunguko ile mwenyewe, polepole, akiuzungusha uzi kwenye donge.

"Nenda kalale," alisema. "Meli ikiondoka nami nina sweta isiyo na mkono mmoja, nitavaa hivyo hivyo."

Malan alilala. Kesho yake alirudishia mizunguko minane, na vitanzi vilikuwa ishirini.

Sweta ilikwisha siku nne kabla ya safari. Waliiosha kwa maji ya uvuguvugu. Hawakuikamua kwa kuizungusha, bali waliikunja ndani ya taulo na kuikandamiza. Wakailaza kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, wakaivuta kidogo hapa na pale mpaka ikafuata vipimo. Ilipokauka Niklas aliivaa. Ilipita mabegani. Ilikaa kifuani bila kubana. Mikono iliishia penye kifundo cha mkono.

Mama Billa alipitisha vidole vyake vilivyopinda mgongoni mwa mwanawe, kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Sina cha kusema," alisema.

"Hilo ni jambo jipya, Mama," alisema Niklas.

Meli iliondoka katikati ya Machi. Baada ya wiki tano simu ililia. Sauti ya Niklas ilikuja na kukatika.

"Malan? Juzi wimbi lilipanda hadi juu. Maji yaliingia shingoni, ndani ya koti."

Malan alishika ukingo wa meza. "Umelowa?"

"Sweta ililowa juu juu tu. Nilipoikung'uta, maji yalidondoka. Ndani nilikuwa mkavu, na nina joto."

"Na kifua?"

"Kimetulia. Sijakohoa hata mara moja. Wewe je? Unalala?"

"Nalala," alisema Malan, na ilikuwa kweli. Bado alikuwa akichoka, kwa sababu samaki hawakupungua wala maji hayakupata joto. Lakini uchovu wake sasa ulikuwa na mwisho kila siku.

Habari za sweta zilifika kiwandani. Siku moja, wakati wa chai, Sanna aliyekuwa akikata samaki kando yake alimsogelea. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada Malan, nifundishe. Baba yangu anaondoka baada ya miezi miwili. Nataka kumfumia sweta. Nimeshanunua uzi, nianze leo leo."

Malan alimtazama.

"Jana usiku ulilala kwa saa ngapi?"

"Tatu hivi. Mtoto anaota meno."

"Basi leo usianze. Mwambie mumeo akae na mtoto, wewe ulale. Ukiamka umepumzika, fuma kipande kidogo, kikubwa kidogo kuliko kiganja. Kioshe, kikaushe, uniletee tukipime."

"Na sweta nianze lini?" aliuliza Sanna.

"Ukienda kulala," alisema Malan, "utakuwa umeshaianza."