Maji ya Silinda ya Nne

Gari lililotolewa maji halivuji. Hilo hata mtoto wa Ilomba analijua, kwa sababu hapa Mbeya, mwezi wa sita ukiingia na baridi yake, kila mwenye gari huyatoa maji ya rejeta jioni, huyaweka kwenye debe, na asubuhi huyapasha moto jikoni akayarudisha yale yale. Mvivu wa kufanya hivyo huamka akakuta barafu imempasulia injini. Kwa hiyo Damari alipokuta udongo umelowa chini ya pikapu ya mumewe, iliyokuwa imesimama uani tangu majira ya baridi bila tone la maji ndani yake, alidhani ni mbwa. Akamfukuza mbwa. Kesho yake akakuta pamelowa tena, na mbwa hakuwepo.

Hakuwa na nafasi ya kulifikiria. Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, mvua zilikuwa bado, na alikuwa na watoto wanne, shamba la viazi, na mgonjwa. Mume wake, Jailos, alikuwa amelala chumbani tangu siku ya pili baada ya kuiegesha pikapu hiyo. Tumbo lilijaa, miguu ilivimba, ngozi ilikuwa ya baridi kama ya chura, na bado alikuwa akidai maji ya kunywa. Hospitali walimtoa maji tumboni kwa sindano, yakajaa tena. Mchungaji alikuja akaomba, akanywa chai, akaondoka. Sasa kulikuwa na habari za daktari mmoja Iringa aliyewahi kuponya tumbo la namna hiyo. Mtu wa hali ile hawezi kukalishwa kwenye basi. Damari akaamua pikapu ifufuliwe. Asipofikishwa Iringa, Jailos hataziona mvua. Alikuwa ameuguza watu wa kutosha kulijua hilo bila kuambiwa.

Kitu kingine ni harufu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba, harufu ya tope la bwawani iliingia ndani ya nyumba, tope na majani yaliyooza. Damari alisugua sakafu kwa majivu. Harufu ikabaki. Halafu, akiwa amechuchumaa anapuliza moto, alisikia kitu chini ya boneti, sauti ndogo kama ya mtu anayevuta chai ya moto kwa midomo. Akaacha kupuliza. Nayo ikaacha. Akapuliza tena, maana uji haujipiki.

Fundi Liberatus wa Iyunga, rafiki wa Jailos wa siku nyingi, alikuja Jumamosi na sanduku lake la spana.

"Shemeji, gari hili mmeliegesha au mmelizika?"

"Fungua kwanza. Maneno baadaye."

"Kuku ametaga kwenye kiti cha dereva."

"Mayai yangu usiyaguse."

Liberatus akacheka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu kizito, cheupe kilichochafuka. Akakinusa. Kicheko kikamwisha.

"Chai ya maziwa," alisema. "Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya hedi imekwenda. Lakini maji gani, shemeji? Si mliyatoa?"

"Aliyatoa mwenyewe jioni aliyofika. Debe nililiona kwa macho yangu."

Kazi ya kufungua hedi, kile kifuniko cha silinda, ilimchukua mpaka alasiri, kwa sababu nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Hatimaye akaiinua, akaiweka juu ya gunia, wakachungulia wote wawili. Silinda tatu zilikuwa zimeharibika kama alivyotarajia: kuta zimeliwa, kutu nyekundu imeganda juu ya pistoni. Ya nne ilikuwa imejaa maji mpaka ukingoni. Hayakuwa na kutu wala doa la oili. Yalikuwa safi kama maji ya mtungi, na Liberatus alipochovya kidole alikitoa upesi.

"Ya baridi," alisema.

Akachovya tambara, akalikamulia kwenye karai. Akachovya, akakamua. Silinda ya pikapu ile hujazwa na vikombe viwili. Karai lilijaa likaanza kumwagika, na maji ndani ya silinda hayakuwa yameshuka hata unene wa ukucha.

Wakasimama wanayatazama. Ndipo Damari alipoona kwamba maji hayakutulia, kwamba yalikuwa yakipanda kidogo na kushuka, yakipanda na kushuka bila upepo na bila mtu kuligusa gari, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala chali, na alipotega sikio akasikia kupitia dirisha la chumbani pumzi ya mumewe ikienda vile vile, ikivutwa maji yakipanda, ikitolewa maji yakishuka, mpaka Jailos kule ndani alipokohoa, na maji yakaruka kutoka kwenye chuma yakamlowesha Liberatus mkono mpaka kwenye kiwiko.

Fundi alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Shemeji," alinong'ona, "muulize aliyachota wapi."

Jailos aliwajibu akiwa amefumba macho. Wakati anatoka Iringa gari lilichemsha karibu na Igawa, kule bondeni Usangu. Kulikuwa na kidimbwi kando ya barabara. Ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wakipita kwenda kunywa mbali, mchungaji akiwaswaga wasikisogelee. Jailos aliona hayo akasema ni ushamba. Alijaza rejeta, na pikapu ikapanda mpaka Mbeya mshale wa joto haujatikisika.

"Halijawahi kwenda vizuri vile," alisema. "Nipe maji, Mama Tusekile."

Nje, Liberatus alikuwa akifuta mkono kwenye suruali, anafuta, anafuta.

"Kuna mama kule anaitwa Ng'washi, alihamia na ng'ombe wao kutoka Usukuma. Ni mganga. Wenye magari waliochota pale huenda kwake. Maji ya jini yanarudishwa kwa mwenyewe, shemeji, na chombo chake."

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Hata mimi. Kwani nimekuambia ucheze ngoma?"

Damari alifikiri kidogo. Igawa iko njiani kwenda Iringa. Jirani yao Saulo alikuwa na lori la viazi linaloondoka Jumatatu. Ikiwa hatapona kidimbwini, safari ya kwa daktari itaendelea, hakuna kilichopotea. Akamwambia Liberatus aishushe injini.

Jumatatu waliondoka asubuhi, Jailos akiwa amelazwa juu ya magunia, injini karibu naye imefunikwa turubai, Damari katikati yao, Saulo na Liberatus mbele. Lori lilirukaruka. Viazi vilimwagika. Maji ya silinda ya nne hayakumwagika hata tone. Kila alipoinua turubai kutazama, yalikuwa yanapumua, na safari hii yalipumua kwa nguvu kuliko mumewe.

Ng'washi alikuwa mama mnene, mwenye shuka begani na fimbo mkononi. Hakushangaa alipoliona lori.

"Tangu waweke lami hii," alisema, "ninyi watu wa magari hamnipi nafasi hata ya kukamua. Nani alichota?"

"Huyu," Damari alisema.

"Nani alikunywa?"

"Hakunywa mtu. Ni maji ya rejeta."

"Mtu hajai hivyo kwa kuchota tu. Amekunywa. Fikiri."

Damari akafikiri. Akalikumbuka lile debe kando ya jiko, asubuhi ile baada ya gari kuegeshwa. Maji ya rejeta hutoka na rangi ya chai. Haya yalikuwa meupe, na bombani kulikuwa na foleni. Alidhani ni Tusekile, binti yake mkubwa, aliyekwenda kuchota mapema. Watoto walikuwa wamekwisha kula viporo wakaenda shule.

"Nilimpikia uji," alisema.

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi nendeni mkashukuru huko kwenu kanisani," Ng'washi alisema. "Mwenye maji haya hana mwili. Ninyi mmempa miwili, mmoja wa chuma, mmoja wa mtu. Ameonja. Hatatoka kwa kubembelezwa."

Kidimbwi kilikuwa kidogo, cha kuzungukwa kwa hatua chache. Nyasi hazikuota ukingoni. Saulo na Liberatus waliibeba injini kwa gogo, wakaiweka kwenye ukingo. Jailos wakamlaza karibu yake, kichwa kikielekea maji. Ng'washi aliwasha ubani na majani makavu, akazunguka akisema maneno ya Kisukuma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayegombana na jirani juu ya mpaka. Kisha akamvuta Damari pembeni.

"Nisikilize, binti. Tukikiinamisha chuma, mmoja atashuka na mmoja atabaki, na wote wawili watakuwa wanasikia. Mwite wa kwako kwa jina lake. Usinyamaze mpaka nikuguse bega. Atakayeitwa ndiye atakayebaki."

"Nitaita."

Wanaume wakasukuma. Injini ikainama, na maji yakaanza kutoka kwenye silinda ya nne, si kwa kumwagika bali kwa kuteremka, marefu, mazito, yakiendelea kutoka mengi kuliko chombo kile kinavyoweza kubeba, na papo hapo mdomo wa Jailos ukafunguka, maji kama hayo yakamtoka puani na mdomoni, yakaungana na yale ya chuma kwenye tope, na kutoka kidimbwini ile harufu ikapanda kama ukuta, na Damari akaita kama alivyokuwa akiita kila siku tangu azae mtoto wa kwanza, kama anavyoita mke yeyote mwenye adabu kwao, ambako jina la mume halitamkwi na mkewe hata nyumba ikiwaka moto, akaita kwa nguvu zake zote, "Baba Tusekile! Baba Tusekile! Baba Tusekile!" mpaka koo likawa linawaka, mpaka injini ikazama bila kurusha hata tone, mpaka kifua cha Jailos kikasimama, kikakaa kimesimama hata Saulo akavua kofia, kisha kikapanda.

Ng'washi akamgusa bega.

Jailos alifumbua macho. Tumbo lilikuwa limelala.

"Nipo, mama," alisema.

"Tuendelee Iringa?" Saulo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kufanya nini?" alisema Damari, akaketi chini palepale.

Mvua zilikuja, na Jailos alikuwa mzima kuziona. Alilima. Alilima kuliko alivyowahi kulima, alirudishia bati lililokuwa limeng'oka, alichimba shimo la choo peke yake. Hakuuliza habari za pikapu. Hakukohoa wala kulalamika. Usiku Damari alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi, na akiamka alikuta kuni zimepasuliwa. Majirani walisema Mungu ni mkubwa. Tusekile peke yake alimwambia mama yake jikoni, "Mama, baba siku hizi hatoki jasho."

"Ungependa anuke?" Damari alijibu.

Mwezi wa pili, siku moja mchana, alipita Masunga, mtoto wa Ng'washi, mwanamume mzima aliyekuwa ameleta ng'ombe mnadani. Damari alimpa kiti na chai. Alikaa ameshika kikombe bila kunywa, akitazama upande wa shamba, ambako Jailos alikuwa amewapa mgongo akilima.

"Mama amenituma," alisema. "Pale majini asubuhi kuna mtu anaita. Sisi tulidhani ni mwenyewe wa siku zote. Lakini mwenyewe hajawahi kusema Kiswahili."

"Anasemaje?"

Masunga alipunguza sauti. "Anasema anaitwa Jailos. Anasema alikaa anasubiri aitwe, akasikia mwingine anaitwa. Mama anauliza, jina hilo unalijua?"

Kuku alipita kati yao. Damari alimfukuza kwa mguu.

"Anaweza kutolewa?"

"Mama anasema mlango ule hufunguliwa kwa miili miwili. Wa chuma umezama. Umebaki mmoja." Akaonyesha shamba kwa kidevu, bila kunyoosha mkono.

Damari aliinuka akaenda mpaka mwisho wa ua. Mbele yake matuta ya viazi yalikuwa yamenyooka, safi, hayana jani la magugu, kazi ya watu watatu. Watoto wangetoka shule baada ya muda, wote wanne, wakiwa na njaa. Alifungua mdomo. Jina lilikuwa geni kwenye ulimi wake, kama la mtoto wa mtu mwingine.

"Jailos," alisema.

Jembe lilipanda, likashuka.

"Jailos!" Safari hii alipaza sauti, jirani akachungulia juu ya ua, akashangaa kumsikia mke anamwita mume hivyo.

Jembe lilipanda, likashuka.

Nyuma yake Damari alisikia Masunga anaweka kikombe chini, anachukua fimbo yake, anaondoka bila kuaga.

"Baba Tusekile," alisema, si kwa nguvu.

Mwanamume yule aligeuka mara moja. Jua lilikuwa la utosini na uso wake ulikuwa mkavu kama sahani iliyopanguswa.

"Naam, mama."

"Njoo ule," Damari alisema. "Ugali unapoa."