Kilio cha Hawe Sidi

Thuku alijiona mwanamume mzuri kuliko wote waliowahi kushuka basi Malindi, na kwa bahati mbaya hakuna aliyejisumbua kumwambia vingine. Mwaka ule wa themanini na tano alivaa suruali nyeupe iliyombana mapaja, shati la maua lililoachwa wazi hadi karibu na kitovu, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata dukani mwake, mlimokuwa na giza mchana kutwa. Duka lenyewe lilikuwa kibanda cha kunakili kaseti kando ya soko, na spika zake mbili ziliwapigia kelele wauza samaki tangu asubuhi. Yeye alikiita studio.

Nyevu aliingia siku soko limefurika, amejifunga leso ya manjano juu ya gauni la kijivu, kikapu cha ukindu mkononi.

"Zima hiyo kelele kwanza."

"Kelele? Madam, hiyo ni rumba."

"Rumba kwako. Zima, nina shughuli nawe."

Akazima. Wauza samaki waligeuka kutazama kulikoni.

Kikapuni mlikuwa na kaseti zilizofungwa vitambaa. Mtafiti mmoja wa ng'ambo alikuja kurekodi Wagiriama waliofukuzwa ufuoni mahoteli yalipojengwa, akashindwa na joto na mbu, akarudi kwao kuandika juu ya ushujaa wake. Mashine akamwachia Nyevu, mkalimani wake. Nyevu ndiye aliyeendelea kijiji hadi kijiji, akiwasikiliza wazee ambao serikali haikuwa na masikio nao, na sauti zao akaziweka katika chumba alichopanga Shella, juu ya duka la vitenge. Sasa ukungu ulikuwa umeanza kuzila.

"Nataka nakala safi," alisema. "Na ukimaliza, vunja vile vijino vya mgongoni, mtu asije akarekodi ngoma zake humu."

"Kwani wazee wanasema nini?"

"Kwamba walikuwa na mikorosho, wakaja watu na seng'enge."

"Na hiyo nani atanunua?"

"Nani kakwambia inauzwa?"

Thuku akavua miwani. Kwa mwanamume wa aina yake, huko kulikuwa kupiga magoti.

Mapenzi yao yalipitia simu ya duka la vitenge, ambayo mwenye duka aliwaachia waitumie kwa sababu alipenda kusikiliza.

"Halo, laazizi."

"Nani kakufunza neno hilo?"

"Muuza papa wa hapa sokoni."

"Basi mrudishie. Kinywani mwako linanuka."

Alicheka, mwenye duka akacheka, na upande wa pili Thuku akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, maana hakujua kufanya jambo kwa kiasi. Jioni alimletea viazi vya karai, akarekebishwa Kiswahili chake cha bara, akarudi akiwa amependa zaidi. Hilo lazima tulikubali: alimpenda kweli.

Kaseti alizisikiliza zote asielewe neno la Kigiriama. Moja ilimpendeza kupita kiasi: sauti za wanawake, zikiongozwa na Hawe Sidi, bibi yake Nyevu, na chini yake vishindo vya miguu. "Hii inanichezesha," alisema peke yake, akitikisa mabega mbele ya kioo. Hakuuliza ni wimbo wa nini. Kuuliza hakukuwa miongoni mwa mazoea yake.

Kwa hiyo Gitau, meneja wa hoteli moja ya ufuoni, alipotaka muziki wa asili kwa chakula cha mchana cha Jumapili, Thuku alimpelekea ule. Kisha akamwalika Nyevu, asimwambie kitu, ili afurahi kwa ghafla.

Nyevu alikuja na gauni la buluu na viatu vya kuazima. Chini ya makuti walikaa wageni walioiva kwa jua, wakipambana na kamba kwa uma. Meza ya mbele alikaa mheshimiwa mmoja na kaunda suti yake na kitambi chake, mtu ambaye kila Mgiriama wa pwani ile alijua seng'enge yake ilipoanzia na ilipoishia. Spika zikakoroma. Sauti ya Hawe Sidi ikatoka.

Wageni wakapiga makofi. Mheshimiwa akainuka, kitambaa cha kujipangusia kikiwa bado shingoni, akaanza kucheza.

"Unajua huo ni wimbo gani?" Nyevu aliuliza, uso umemkauka.

"Wa bibi yako! Si nilitaka ufurahi?"

"Ni kilio, Thuku. Nilikirekodi kwenye matanga ya mjomba wangu Katana, aliyekufa siku nyumba zilipobomolewa. Na huyo anayecheza ndiye aliyeleta tingatinga."

Akaenda kwenye mashine, akaichomoa kaseti kwa nguvu, utepe ukaburuta sakafuni.

"Dada, wageni hawajamaliza kula," Gitau alilalamika.

"Watatafuna kimya."

Habari ilifika kijijini kabla yake, imebebwa na mhudumu mmoja wa hapo hotelini. Hawe Sidi akafunga mlango, na wenzake wakafunga yao. Kwao kilio hakifunguliwi bila maiti. Kikifunguliwa hivihivi, kitamtafuta mtu wa kufa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kufumbua mdomo mbele ya mashine ya Nyevu, na kazi aliyoipenda kuliko nafsi yake ikafa mikononi mwake.

"Nyevu, nisamehe," Thuku aliomba kwenye simu.

"Mimi sina cha kukusamehe. Sauti si yangu."

"Sasa nifanye nini?"

"Ala! Leo umeuliza?" Akakata simu. Mwenye duka hakucheka.

Gitau alituma mtu kuomba kaseti nyingine yenye mdundo kama ule. Thuku alimjibu kwamba wageni wakitaka mdundo awapigie sufuria zake, kisha akafunga kibanda, akaenda bara ya Takaungu, ambako Hawe Sidi alihamia baada ya kufukuzwa. Alimkuta ameketi mkekani. Nyevu alikuwa kando akimenya mihogo, na hakuinua uso.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Ndiye huyu?" Bibi alimkagua tangu viatu. "Suruali imembana hivi, damu inafika kichwani kweli?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha nitaupika? Umefungua kilio changu bila maiti. Kifunge."

"Nakifunga aje?"

"Mlete maiti wako. Au kwenu hawafi watu?"

Thuku alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake. Nyevu aliweka mashine mbele yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Shosho yangu," Thuku alianza, akajirekebisha. "Nyanya yangu alikuwa kibarua kwa shamba ya mzungu, upande wa Nakuru. Uhuru ikakuja, mkubwa mmoja wa kwetu akanunua hiyo shamba, akatutoa. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikufa hapo kwa barabara. Tukamzika kwa makaburi ya mji, haraka haraka, na hakuna mtu aliimba. Mimi nilikuwa kijana mdogo, nikaona aibu. Nikakuja huku, nikanunua hizi nguo, nikasema mambo ya mashamba si yangu." Akainamia mashine. "Shosho, sikukulilia."

Akalia sasa. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, miwani imeanguka mchangani. Hawe Sidi alimtazama kama anayechagua samaki sokoni.

"Jina lake?"

"Jedida."

Bibi akaanzisha wimbo. Majirani walitoka majumbani mmoja mmoja, wakaitikia, wakapiga miguu, na pale palipokuwa na jina la Katana wakaliweka la Jedida.

Walipomaliza, Nyevu aliitoa kaseti, akavunja vijino vyake kwa ukucha.

"Hii haifutiki."

"Hata nilivyolia hivyo?"

"Hasa ulivyolia hivyo."

"Nyevu, nataka kukuoa."

"Mtu aliye matangani haposi," Hawe Sidi alidakia. "Akimaliza ndipo aje, tena na suruali nyingine."

Nyevu aliivua leso yake ya manjano, akampangusa uso, akamtandikia mkeka anapoketi mfiwa.

"Pole kwa msiba, Thuku."

Tangu utoto hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Alikaa mkekani, akatafuta sauti yake mpaka akaipata.

"Nimeshapoa," alijibu.