Mtaa Uliokwenda Mtupu

Nyumba arobaini ziliinuka kutoka ardhini kwa pamoja, kila moja juu ya miguu yake sita ya chuma, zikayumba kidogo kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kisha zikaanza kutembea.

Mhandisi Nkwimba Luhende alikuwa ndani ya nyumba ya mbele, akizitazama kwenye kioo cha uongozaji. Yeye ndiye aliyeziunda. Watu waliziita nyumbamiguu, na zote pamoja zilikuwa Mtaa Tembezi, fahari ya mkoa.

Akili unde ya mipango, Mtabiri, ilikuwa imegundua kwamba mji ukipata wasanii hauchelewi kuchangamka. Wakija wapiga ngoma, wachoraji na wabunifu wa mavazi, hufuata migahawa, hufuata vijana wenye kampuni zao, mwishowe wawekezaji, na viwanja hupanda bei. Mkoa ukawapa wasanii nyumba bure kwa sharti moja: mji ukishachangamka, nyumba zinaondoka nao kwenda kuchangamsha mji mwingine. Mji wa Mwakaluba, uliokuwa umebaki na mbuzi na maghala matupu ya pamba, sasa ulikuwa na hoteli na chuo. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mji wa Ngumbilo.

Wiki moja kabla, Kalunde, mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa wasanii wa mtaa huo, alimkaribisha Nkwimba chai barazani.

"Huu ni mji wa nne, mdogo wangu," alisema. "Tukishazoeana na majirani, tunang'olewa. Mwaka huu sijatunga hata wimbo mmoja."

"Lakini Mtabiri anaonyesha mnafanya vizuri sana, dada."

"Mtabiri anaangalia viwanja. Mimi nitamwimbia nani? Wimbo unataka mtu anayekujua, akucheke ukikosea. Na mama yangu nimemzika hapa. Hatutaki kwenda. Mwambie mkurugenzi, wewe anakusikiliza."

"Nitalifikisha, dada."

Hakulifikisha. Siku hizo Mkurugenzi Rutashobya alikuwa akitafuta mhandisi mkuu wa mkoa, na kila alipoonana na Nkwimba alimsifu mbele za watu. Maneno ya Kalunde yalimfika kooni, akayameza. Alijiambia wasanii hulalamika kila safari, na kila safari huenda.

Sasa, walipokuwa wameliacha daraja la Mwakaluba nyuma, Bakome, fundi mwendeshaji, aligeuka.

"Mhandisi, nyumba ni nyepesi mno. Zote. Tusimame?"

Nkwimba alitazama namba kwenye kioo.

"Vihisi vya uzito vimeingia vumbi," alisema. "Twende."

Bakome hakubisha. Nkwimba alijua kwamba si vumbi, na alijua kwamba Bakome naye anajua.

Ngumbilo ulikuwa umefurika watu. Kwaya ya shule ilikuwa imejipanga, akina mama wamejifunga kanga mpya. Nyumba zilichuchumaa uwanjani, milango ikafunguka yenyewe. Vigelegele na makofi vikapanda. Hakutoka mtu. Watu wakapiga makofi tena, safari hii taratibu, wakidhani wageni wanaona haya. Mtoto mmoja akachungulia ndani, akageuka: "Hamna watu!"

Mlango wa nyumba ya mbele ulipofunguka, Nkwimba akatoka. Mwenyekiti wa mji alimkimbilia, akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, binti yetu! Wewe sanaa yako ni ipi? Unaimba? Unachora?"

"Hapana, mzee. Sina sanaa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ni mhandisi. Wasanii hawakutaka kuja. Waliniambia mimi, nami nikanyamaza."

Mwenyekiti aliiachia mikono yake polepole. Kwaya bado ilikuwa imesimama, ikisubiri ishara. Mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza, wala hakuuliza kwa hasira:

"Sasa hao watu leo wanalala wapi, na nyumba zao mmezileta huku?"

Nkwimba hakuwa amejiuliza swali hilo hata mara moja. Alisogea pembeni, akampigia Kalunde simu. Alipokelewa haraka. Nyuma ya sauti ya Kalunde kulikuwa na makelele ya sufuria, na mtu anacheka.

"Dada Kalunde, nisamehe. Mkurugenzi hakuwahi kusikia. Sikumwambia. Nazigeuza nyumba sasa hivi."

"Usihangaike nazo. Tulijua hukumwambia, maana hakuna aliyekuja kutuuliza, basi tukashuka kimya kabla ya safari. Majirani wametugawana, huyu kachukua wawili, yule watatu. Mimi niko kwa fundi cherehani, tunapika. Wewe umefika salama? Umekula?"

Nkwimba aliinua macho kuzitazama nyumba tupu. Nyuma yake kwaya ilikuwa inatawanyika, watoto wanavua sare zao za kuazima. Alibaki ameshika simu sikioni, na Kalunde akazidi kuita, "Nkwimba? Mdogo wangu? Umekula?"