Picha Iliyotangulia Pasi

Nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa moja: kufungasha. Mama ni fundi cherehani, na nguo zake huziuza mtandaoni. Utaratibu wake hauna mjadala. Nguo inapigwa pasi, inapigwa picha mbele na nyuma pale dirishani, ndipo kifurushi kinafungwa. "Picha ndiyo shahidi wangu," husema. "Mteja akinigeuka, ninayo."

Jumatatu ile nilikuwa na haraka, maana wenzangu walikuwa uwanjani wananisubiri. Nikaanza na picha. Halafu nikaona mkunjo kwenye pindo la gauni la kijani, nikaupitishia pasi. Lo! Pasi ilikuwa imepata moto kupita kiasi. Ilipoinuka iliacha doa la kahawia kubwa kama kiganja. Nikalikunja kwa ndani, nikafunga kifurushi, nikamkabidhi mpeleka mizigo. Kisha nikaenda kucheza, na sikumbuki hata nani alishinda.

Siku tatu baadaye mteja akaandika kwamba gauni limeungua, anataka jingine. Mama akatazama picha, asione doa lolote. Akawaka.

"Mwizi huyu! Aliunguze mwenyewe, halafu anibebeshe mimi? Simpi hata kifungo!"

Mteja naye akaandika kwenye ukurasa wetu, mbele ya macho ya watu wote, kwamba mama ni tapeli. Siku hiyohiyo wateja wawili wakaghairi nguo zao. Mama alishona jioni nzima.

Kesho yake akaja mama mdogo, ambaye ni wakili. "Dada, usitukanane naye," alisema. "Njia zipo. Kwanza peleka malalamiko kwa wenye soko la mtandaoni, wawasuluhishe. Ikishindikana, nitamwandikia barua ya madai afute maneno yake. Akikaidi, tunaenda mahakamani. Nataka picha, saa ilipopigwa, na maelezo ya aliyefungasha."

Wote wakanigeukia.

"Haya, Kasuku, sema," mama akaniambia. Huniita Kasuku kwa kuwa sinyamazi. "Ulifunga gauni likiwa zima?"

"Ndiyo," nikajibu.

"Leo Kasuku ana neno moja tu!" mama mdogo akacheka, akaandika. Mama akanishika bega. "Huyu mwanangu ni mwangalifu. Namwamini kuliko mkasi wangu."

Jamani, afadhali angenichapa! Yule mteja, mama wa watu, nilikuwa nimemfanya mwongo, na sasa nilikuwa namfikisha mahakamani.

Mama mdogo akasoma: "'Gauni lilikuwa zima wakati kifurushi kinafungwa.' Weka jina lako hapa."

Kalamu ikanishinda. "Mama, nisamehe! Mimi ndiye niliyeliunguza. Nilipiga picha kabla ya pasi."

Mama akaketi taratibu. "Nami nimemwita mwizi," akasema. Alinipa simu. "Mpigie. Wewe mwenyewe."

Nilimweleza yule mteja huku nalia.

"Asante kwa kuniambia, mwanangu," akasema. "Mume wangu amekuwa akinilaumu. Hata mimi nilishaanza kuamini kwamba nimeliunguza mwenyewe nikasahau."

Maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma. Mama akachukua simu, akaomba radhi, akaahidi gauni jipya. Jumamosi sikwenda uwanjani. Nilikaa naye tukalishona. Mteja alipolipokea, alifuta maneno yake, akaandika mengine ya kutusifu. Sikuweza kuyasoma hadi mwisho.

Mama mdogo alikuwa amekwisha kuchana yale maelezo yangu. "Sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Siku mteja mwongo akimdhulumu mama yako, nitamtetea hadi mwisho, kwa sababu sheria humlinda muuzaji pia. Lakini sheria haikuwepo ulipokuwa ukipiga pasi. Yenyewe huamini ushahidi tunaoipelekea. Ukiipelekea uongo, itamwadhibu asiye na kosa, na itadhani imetenda haki."