Chanuo la Njia Panda

Mji wote wa Chake Chake, Pemba, Idd Ndogo ile ya mwaka hamsini na tisa, hapakuwa na kijana shujaa kama mimi, Silima, karani wa karafuu. Majini yakiniona hubadili njia.

Ndivyo nilivyomwambia binti mmoja tuliposongwa na umati mlangoni kwa Bi Siti. Bi Siti alikuwa mjane aliyeokota vitu vinavyotupwa njia panda waganga wakishapunga pepo: njuga, vioo, chupa za marashi. Watu hawavigusi, ukivigusa, pepo anakuhamia. Yeye alivipanga ukumbini mwake, na kila sikukuu mji mzima huja kujitisha.

"Pepo gani atanitaka na uzee huu?" husema.

"Kunradhi, kaka, umenikanyagia buibui," alisema yule binti.

"Nikanyage na weye, tutoke sare."

"Wajiona!" Akacheka, wanja ukamng'aa. Kisha akaacha kucheka.

Jina lake Mwanapili, mtu wa Micheweni, akijifunza uuguzi Wete. Tulipoingia ukumbini alinionyesha chanuo la mti lililovunjika jino moja.

"La mama yangu. Walilitupa alipopungwa. Hakupona, na kwetu hakikubaki kitu chake kingine, hata kanga. Nalitaka, ila kaka zangu wamesema likiingia nyumbani, wao wanatoka. Na kulishika peke yangu naogopa. Nishikie upande mmoja, basi."

"Kaa nyuma yangu, mpenzi."

"Mpenzi nani?"

"Nimekosea. Bibi arusi."

Nikanyoosha mkono. Upepo ukabamiza dirisha, njuga zote zikalia. Nilijitambua niko sokoni, mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna.

Sikukuu ikaisha. Bwana mkubwa wangu wa kazi alipokwenda kusali Adhuhuri, nilipiga simu ya ofisi kwa wizi.

"Hospitali ya Wete? Naomba Bi Mwanapili."

"Ndimi. Nani mwenzangu?"

"Silima."

"Ah, shujaa! Mguu haujambo?"

"Nilikumbuka shughuli, habibti."

"Sikukukasirikia kwa kukimbia, Silima. Wachumba wawili washanikimbia, wakisema nyumba yetu ina pepo. Niambie kweli tu. Uliogopa chanuo, au uliniogopa mimi?"

Kweli ilinifika kooni, ikaona haya kutoka.

"Mimi? Chanuo? Mimi siogopi kitu."

"Basi ni mimi," alisema, waya ukabaki unavuma.

Nilipiga tena na tena. Kila mara nikaambiwa yuko wodini.

Mji ukanipwaya. Chumbani mwangu mlikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, na redio ya jirani ikipenya ukutani. Jioni nilikaa na mkate wangu kuangalia gari la Wete likishusha watu wote isipokuwa yeye. Masika yakaja, yakapita.

Idd Kubwa nikamkuta kwa Bi Siti, kanga nyekundu ikichungulia chini ya buibui, amesimama peke yake mbele ya chanuo. Kando yake, baina ya vioo, kilipangwa kiatu changu.

"Umefuata kiatu?" Hakugeuka.

"Napita tu. Tangu siku ile sijakanyaga hapa."

"Astaghfirullah!" Bi Siti alitokea jikoni, mikono imejaa unga. "Silima, leo sikukuu, usinidanganyie mgeni! Kila Alhamisi, na mvua zote zile, nani hukaa kwenye mkeka ule anatetemeka, akichana nywele zake kwa chanuo la marehemu? Nani humwambia pepo, 'Nihamie mimi, mtoto wa watu mwache'?"

Nikatazama dari.

Mwanapili aliinama, akachomoa unywele mfupi baina ya meno ya chanuo, akaunusa.

"Brilantini," alisema, sauti ikimkatika. "Mama hakupaka mafuta ya wanaume."

"Labda pepo ndiye..."

"Nyamaza! Siku ile uliogopa nini?"

"Chanuo," nikasema. "Na bado naliogopa."

"Basi kamata upande huo."

Tukalishika pamoja. Lilikuwa jepesi kuliko Alhamisi zote.

"Kwetu haliingii," alinong'ona.

"Kwangu hakuna kaka wa kutoka. Hakuna mtu kabisa."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Utawaambia hivyo wazee wangu?"

"Kesho. Na kwa viatu viwili." Nikajitutumua. "Bi Siti, nipe changu! Tangu siku ile nimekitafuta mji mzima."

"Mji upi?" Bi Siti aliipangusa mikono kwa kanga, akamgeukia Mwanapili. "Mara ngapi nimempa, mwanangu, akakirudisha pale pale? Husema kikae hapo, chanuo lisilale peke yake."