Ushindi Uliotangazwa Gwarideni

Kila asubuhi, baada ya kuwanywesha ndama maziwa, Chelimo aliomba simu ya baba yake. Alitaka kujua jambo moja tu: Joy Nangila amecheza vipi? Joy alikuwa mzaliwa wa Bungoma aliyecheza tenisi ng'ambo, na Chelimo alimpenda kupita kiasi. Shuleni kwao Kitale, Chelimo ndiye aliyesoma habari za michezo gwarideni, shule nzima inapokusanyika, na habari za Joy hazikukosekana.

Ijumaa hiyo matokeo yalimvuruga akili. Seti ya kwanza, Joy 6, mpinzani 0. Ya pili, 6 kwa 7. Ya tatu, 6 kwa 7 tena. Chelimo akajumlisha kama baba yake anavyojumlisha mabao ya kandanda, ya nyumbani na ya ugenini: Joy 18, mpinzani 14. Lakini mbona alama ya ushindi iko kando ya jina la mpinzani? "Simu hii nayo!" alinung'unika. Gwarideni akatangaza kwamba Joy ameingia nusu fainali. Wanafunzi walishangilia hadi wakanyamazishwa.

"Nitamwambia shangazi ampongeze Mama Joy," alisema Bramwel, aliyeketi naye dawati moja. "Si wanakaa ploti moja kule Bungoma!"

Jumamosi Chelimo alitafuta nusu fainali. Mpinzani yule yupo, Joy hayupo. Akazima simu, akaiwasha tena, wapi! Sasa alichanganyikiwa kabisa, na akaanza kuogopa. Kanisani Jumapili, Bramwel alipouliza Joy anacheza lini, Chelimo alijibu haraka, "Bado hawajapanga." Msomaji wa habari angesemaje kwamba hajui?

Jumatatu Bramwel alimjia amekunja uso. "Umeniaibisha bana! Ati Mama Joy hasemi na shangazi. Anasema tunamcheka."

"Kumcheka? Kwa nini?"

"Mimi najuaje? Si wewe ulisema ameshinda!"

Chelimo hakuelewa lolote. Alimwendea Mwalimu Kizito, mwalimu wa michezo, akamweleza yote.

"Wewe hucheza voliboli," Mwalimu alisema. "Mkimaliza, mnajumlisha pointi zote?"

"Hapana, Mwalimu. Tunahesabu seti..." Akahesabu upya kwa vidole. Joy alichukua seti moja, mpinzani mbili. Aibu ilimshika hadi machozi yakamtoka. Alipotulia, alimwomba Mwalimu ampigie Mama Joy, kwa namba ambayo Bramwel aliipata kwa shangazi yake.

"Mama, ni mimi nilitangaza vibaya," alisema. "Hatukuwa tunakucheka. Naomba unisamehe."

Mama Joy akacheka. "Kumbe! Mtoto wangu, hata mimi nilijumlisha hivyo hivyo. Nikapiga vigelegele, ploti nzima ikasikia. Halafu Joy akanipigia analia, ati ameshindwa. Sasa jirani akija na pongezi, si nikadhani ananidhihaki?"

Kesho yake Chelimo alisimama gwarideni. "Joy Nangila alishindwa. Nilikosea. Tena nilipoulizwa, niliogopa kusema sijui." Wengine walimzomea. Alitamani ardhi immeze, lakini alimaliza kusoma.

Mwalimu Kizito alimfuata hadi mlangoni pa darasa. "Kukosea hesabu si dhambi, hata Mama Joy alikosea. Ubaya ulianza ulipojibu usichokijua, na mama wa watu akabaki na uchungu siku nzima zaidi. Ukichanganyikiwa, uliza."

"Ndiyo, Mwalimu. Sasa habari nimpe nani asome?"

"Utasoma wewe," Mwalimu alijibu. "Leo ndiyo nimejua naweza kukuamini."