Babu Alidai Kila Mkono Upimwe

"Ni huyu hapa! Ndiye aliyemuua!"

Aliyesema hivyo wala si adui yangu, jamani. Ni Nidal, muuguzi mwenzangu, tuliyekula naye sahani moja miaka yote kwenye wodi ya vichanga hapa Nasiriya, Iraki!

Kabla sijajibu, kitako cha bastola kikanipasua mdomo. Nikadondoka, jino likabaki kiganjani.

Aliyenipiga ni Abu Ghaith, babu wa marehemu. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto njiti, alikuwa ametoka kufa kwa maambukizi ya damu. Kila dawa tuliyompa iligoma.

"Nimemuua vipi, ami? Nilimlea kama wangu!"

"Kwa mikono yako michafu! Mwenzako kasema hunawi!"

Nikamtazama Nidal. Akaangalia pembeni...

Kesho yake nyumba yetu ikamiminiwa risasi. Getini wakaandika kwa rangi nyekundu: MNATAKIWA NA KABILA. Ukiyaona maneno hayo, unaita wazee wako mkayamalize, la sivyo mnahama mji.

Masharti yakaletwa. Ama damu ya kaka yangu Haidar, ama mdogo wangu Shahad akaolewe kwao, awe fidia.

Shahad! Ndiyo kwanza ameanza chuo!

"Dada, usiwaache wanichukue," alilia, kaniganda miguuni.

"Wataanza kunizika mimi!"

Basi Daktari Widad wa maabara akawaambia wazee kwamba wana mashine ya kusoma vinasaba vya bakteria, itaonyesha mdudu alitoka wapi. Abu Ghaith akaona amenipata!

"Pimeni kila mkono uliomgusa mjukuu wangu! Kila mkono! Nataka shetani huyu aumbuke! Anzeni na wangu, mimi niliyemlambisha tende kwa kidole, kama desturi yetu!"

Nikashtuka. Wodi ile haingii mgeni. Nani alimfungulia?

Wakapima mikono yetu wauguzi, masinki, mama mtoto, na babu. Widad akaona bandeji mguuni kwa mzee, kidonda cha upasuaji aliofanyiwa India, nacho akakichukulia sampuli. Mzee hakujali hata kidogo.

Siku ya majibu tukakusanyika ukumbini kwa Shehe Mzahim, mkuu wa kabila lao. Wanaume mbele na bunduki zao, sisi wanawake nyuma ya pazia. Shahad alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

"Wazee wangu," Widad akaanza, "bakteria nao wana nasaba, kama mnavyohesabu mababu zenu. Wa mikono ya Ikhlas, muuguzi mnayemtuhumu, ni ukoo mwingine kabisa. Wa masinki pia. Aliyemuua mtoto ni ndugu wa damu wa yule aliye kwenye kidonda cha Abu Ghaith."

Wanaume wote wakamgeukia mzee.

"Muongo mkubwa wewe!" mzee akafoka.

"Ami, siku ile ya tende, ulikigusa kidonda?"

Mzee akautazama mguu wake.

"Nilibadilisha bandeji kwenye gari... nikajifuta kwenye kanzu... Nidal akanifungulia. Nilimwomba nimwone mara moja tu!"

Kumbe! Nidal alinitupia mimi msala ili isijulikane kwamba ndiye aliyemfungulia mlango! Roho iliniuma, acha kabisa.

Mara Abu Ghaith akachomoa bastola. Akajiwekea kichwani!

Sijui nilipitaje pazia lile. Nasikia tu wanaume wanapiga kelele, "Mwanamke huyo! Mwanamke!" Nikaurukia mkono wake...

PAAA!

Risasi ikanipiga begani. Damu ikaruka hadi kwenye kanzu ya shehe.

Widad alikuwa bado ananifunga bega pale shehe aliposimama, uso umemshuka.

"Tumemwaga damu ya mwanamke. Sasa sisi ndio tunaodaiwa. Ikhlas, Abu Ghaith ana binti, Tabarak. Tunamtoa kwa kaka yako, awe fidia."

Nyuma ya pazia msichana akaangua kilio. Kilio kilekile cha Shahad!

Haidar akanitazama. Kila mtu alijua ningeweza kulipiza pale pale.

"Simtaki!" nikapiga kelele na bega langu linavuja. "Mtoto wa mtu si fidia! Nataka wanaume wote wa kabila hili mje hospitali, mnawe mikono hadi viwikoni watu wakiwaona. Bunduki muache nje. Na atakayemgusa muuguzi tena, mumdai ninyi wenyewe!"

"Fidia ya sabuni?" mmoja akacheka.

"Funga mdomo," shehe akamwambia. "Imepita."

Walikuja, wapendwa. Foleni mpaka barabarani! Nidal alishafukuzwa. Abu Ghaith alitangulia wote, akanawa huku analia, akarudia kunawa, mpaka mimi mwenyewe nikaenda nikafunga bomba.

Mkiambiwa msiingie wodini, msiingie. Naweni. Na msimpige mtu kabla hamjajua. Mzee yule alimpenda mtoto kuliko sisi sote, na ndiye aliyemuua.